Si Kila Tumbo ni Alsa: Kiungulia, Gesi, Choo Kigumu na Kuendesha, Uanzie Wapi

Hapa Amu, yaani Lamu, mtu akisema "siwezi leo, tumbo", aliye karibu ataitikia "alsa hio", yaani vidonda vya tumbo, na mgonjwa mwenyewe atakubali, ee alsa, na hapo kila mtu ashakuwa daktari. Mimi pia nilikuwa na alsa, miaka minne. Nauza bajia na viazi vya karai jioni huku Langoni, kwa hivyo kabla hujanicheka jua kwamba kinachoingia matumboni mwa watu wa mji huu nakijua, nakikaanga mimi. Miaka minne nanunua ile dawa nyeupe ya chupa, napata afueni siku mbili tatu, moto unarudi, narudi dukani naongezewa nyengine. Mpaka mtoto wa dada yangu akamaliza masomo yake ya unesi, akaja nyumbani akaniuliza suali moja tu: mamdogo, huo moto huja saa ngapi?

Nkafikiri. Huja usiku nikishalala. Huja nikisujudu swala ya isha, maji machungu yanapanda mpaka kooni. Nikiwa na njaa hauji kabisa. Akaniuliza tena, na chakula cha usiku wala saa ngapi, nkamwambia si nikishafunga meza, saa 4 huko, narudi na njaa ya kutwa nzima, nakula wali wangu na samaki wa kupaka, nashiba, naanguka kitandani. Akanitazama tu. Tukaenda tukapima choo pia kumtafuta bakteria wa alsa ili tuwe na hakika, hakukuonekana kitu. Yaani miaka minne natibu kidonda ambacho hakipo, kumbe kinachonichoma ni saa ya kula.

Ndo maana naandika hii. Daktari mimi siye, haya ni niliyofunzwa nikauliza tena na tena mpaka nesi wetu akachoka nami, na kubwa nililoshika ni kwamba tumbo jina moja lakini matumbo ni mengi, na dawa inayotuliza hili huliwasha lile. Nanaa ni nzuri kwa gesi, kwa kiungulia ni balaa. Mbaazi zitakufungua choo na hapohapo zikufure tumbo kama ngoma. Kwa hivyo usinunue kitu kwanza, jua una tumbo gani.

Wiki moja ya kujichunguza

Chukua daftari bovu la mtoto au andika kwa simu, wiki moja tu. Andika panauma wapi, saa ngapi, ulikula nini na baada ya kula ulifanya nini (ulilala? ulibeba mzigo? ulikaa barazani ukipiga soga?), na choo kilikuwaje. Hapo kwa choo watu huona haya, lakini ndo ripoti yenyewe ya utumbo, daktari atakuuliza tu hata ukikwepa. Na andika dawa zote unazomeza, hata zile tembe za mgongo ulizopewa na jirani, hizo hasa.

Kwa wapi, wazee walishatupa majina. Chembe cha moyo, pale katikati chini ya kifua mbavu zinapokutana, ndo kituo cha kiungulia na cha alsa zote mbili, tofauti ni kwamba kiungulia hupanda, huchoma kuelekea kifuani na kooni na mdomoni kunakuwa kuchachu, alsa yenyewe hukaa palepale ikitafuna. Kuzunguka kitovu, maumivu ya kusokota yanakuja yanaondoka, mara nyingi ni gesi au utumbo umechafuka. Lakini maumivu yakianza kitovuni halafu yakahamia chini kulia yakaganda huko, mtu akikohoa au akikanyaga hatua yanamchoma, huyo hana haja ya daftari, hicho huenda ni kidole tumbo na ni hospitali saa hio hio.

Kiungulia

Hapa ntakaa kidogo manake ndo ugonjwa wangu. Chakula kikishuka kutoka kooni hupita kwenye umio mpaka mlangoni mwa tumbo, na hapo mlangoni pana msuli wa duara, unafunguka chakula kikipita kisha unajikaza. Tumboni mna asidi kali, tumbo lenyewe limejipaka ute wa kulilinda, umio hauna ute kama huo. Sasa ule msuli ukilegea, au tumbo likijaa hadi pomoni, asidi inapanda inaunguza mahali pasipo na kinga. Fikiria galoni la mafuta ya kukaangia, ukilisimamisha hata kifuniko kikiwa hakijakaza vizuri hakuna neno, ukililaza ubavu jikoni pote mafuta. Mimi nilikuwa nalilaza galoni likiwa limejaa kila usiku wa Mungu.

Vinavyolegeza ule msuli ni mafuta mengi, kahawa, chokoleti, nanaa, sigara. Mimba pia, kwa homoni zake na kwa vile mtoto anasukuma tumbo kutoka chini, kwa hivyo mjamzito akilia kiungulia usimwambie mtoto ana nywele nyingi ukaishia hapo, msaidie. Uzito wa tumbo kubwa. Na leso iliyokazwa kiunoni kama ya kwenda kutwanga, hio nayo, sisi wanawake tunajifunga tukiwa tunapika halafu twakaa kula vivyo hivyo, ilegeze. Tena chakula cha mafuta hukaa tumboni muda mrefu zaidi. Chakula cha kawaida chahitaji saa 2 mpaka 4 kutoka tumboni, sahani ya biriani hapo usiulize.

Basi nilichofanya. Kwanza saa. Kati ya tonge la mwisho na mto wa kulalia ziwe saa 3 hivi. Kwangu hilo lilikuwa gumu kwa sababu ya biashara, kwa hivyo nikageuza, chakula changu kikubwa nakula saa 10 alasiri kabla sijawasha jiko, usiku nikirudi nala ndizi mbili au uji mwepesi basi. Wiki ya kwanza niliona kama nimelala njaa, wiki ya tatu nikasahau.

Pili kitanda. Tuliweka mawe chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kama sentimita 15. Mume wangu alilalamika ati anateleza kama jahazi linashushwa pwani, lakini akazoea. Mito mitatu haifanyi kazi hio, inakukunja kiuno tu na tumbo linazidi kubanwa. Tatu ni ubavu, ukilalia kushoto tumbo linakaa chini ya ule mlango na asidi haipandi kwa urahisi, ukilalia kulia inapanda. Najua sunna ni ubavu wa kulia, mimi huanza kulia nikisoma dua zangu, nikihisi linakuja nageuka.

Kuhusu vyakula, usije ukakatazwa dunia nzima. Watu hupewa orodha ndefu hakuna nyanya hakuna ndimu hakuna pilipili hakuna chai mpaka mtu anakata tamaa anarudia kila kitu siku moja. Tazama daftari lako. Mimi pilipili hainifanyi kitu, adui yangu ni kahawa chungu ya usiku na mafuta, dada yangu yeye achari ya embe ndo inamuua na kahawa anakunywa vikombe vitatu analala fofofo. Toa kimoja kimoja, siku nne tano, uone.

Ramadhani ina mambo yake. Mtu amefunga kutwa, adhana ikilia anaanza na sambusa, bajia, kaimati, juisi ya embe yenye barafu, yote ndani ya dakika kumi, halafu anashangaa kwenye tarawehe kila akisujudu inapanda. Tende mbili tatu na maji, swali magharibi, urudi kwa supu au uji, vya mafuta viwe vichache na viwe vya mwisho, na hapo mimi muuza bajia ndo nasema. Na daku, kwa vile tunaichelewesha, tatizo si kuila, ni kuswali alfajiri na kujitupa kitandani juu ya sahani ya wali. Kula kidogo, na ukiweza kaa kitako usome mpaka jua litoke.

Dawa zenyewe ziko za namna mbili na watu wanazichanganya. Ile ya kuzima asidi, ya maji au tembe za kutafuna, inafanya kazi upesi na inaisha upesi, hio ni ya kunywa baada ya kula au unapolala, na iwe mbali na dawa nyengine kama saa 2, hasa vidonge vya kuongeza damu na baadhi ya antibayotiki, manake inazizuia kuingia mwilini. Zile za unga za kufoka kwenye glasi kama ENO zina chumvi ya sodiamu nyingi, mwenye presha asizifanye mazoea. Omeprazoli ni kitu chengine kabisa, yenyewe hufunga mifereji ya asidi isitoke, kwa hivyo humezwa asubuhi nusu saa kabla ya kula, si usiku wakati moto umeshawaka. Nilikuwa naimeza vibaya hio miaka yote. Na ukiona wiki mbili zimepita bado waihitaji, nenda ukaonwe.

Kiungulia kingine si kiungulia. Kifua kikibana kama kimekaliwa na gunia, jasho jembamba, maumivu yakaenda mkononi au tayani, pumzi ikakata, usikoroge ENO, hio huenda ni moyo, mtu akimbizwe.

Alsa ya kweli

Zamani hata madaktari waliamini vidonda vya tumbo ni mawazo na pilipili. Mwaka 1982 huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren wakamgundua bakteria anayekaa kwenye ute wa tumbo, Helicobacter pylori, watu hawakuwaamini, na 1984 Marshall akachukua wale bakteria akawanywa yeye mwenyewe, tumbo likamvimba likamuuma kweli. Wakapewa Nobel mwaka 2005. Namuelewa mtu huyo, mimi mwenyewe bajia mpya lazima nionje.

Kwa hivyo alsa nyingi zina sababu mbili tu kubwa, huyo bakteria, au dawa za maumivu. Mawazo na pilipili vinaweza kuzidisha uchungu wake. Na dawa za maumivu hapa kwetu ndo msiba. Wachukuzi wa mizigo pale gatini, vijana wa punda, wavuvi, migongo inawauma, mtu anameza diklofenaki au Brufen asubuhi hajala kitu, anatafuna mirungi mpaka jioni asione njaa, kesho tena. Hizo dawa zinaondoa ule ute unaolinda tumbo. Panadol kwa kipimo chake ni nafuu zaidi kwa tumbo, na kama lazima umeze hizo kali, meza ukiwa umekula, kwa siku chache, na ukiwa ulishawahi kuwa na kidonda usimeze bila kumwambia daktari.

Alama zake, uchungu wa kutafuna chembe cha moyo, mara nyingi ukiwa na njaa au saa 8 za usiku unakuamsha, wengine wakila unapoa, wengine wakila ndo unazidi. Kwa hakika haijulikani kwa kukisia, pima. Kipimo cha choo au cha pumzi ndo cha kutegemea, kile cha tone la damu kinaweza kusema ndiyo hata kama bakteria ulishamtibu zamani. Na ukienda kupima uwe umeacha omeprazoli wiki 2 na antibayotiki wiki 4 nyuma, ama sivyo kipimo kitakudanganya. Ukionekana naye, tiba ni antibayotiki mbili au zaidi pamoja na ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14, na zimalize zote hata kama siku ya tano ushapona na mdomo una ladha ya sarafu. Watu huacha hapo, bakteria anarudi akiwa sugu.

Maziwa? Nyanya yetu marehemu alikuwa akitupa maziwa baridi, yanatuliza kweli dakika chache, kisha tumbo linatoa asidi zaidi kuyasaga. Kwa hivyo si tiba.

Gesi na tumbo kufura

Mbaazi, kunde, maharagwe vina sukari ambazo utumbo wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, zinashuka nzima nzima mpaka utumbo mpana, huko bakteria wanazila na wanatoa hewa, basi. Si mbaazi mbovu wala si jicho la mtu. Mahamri na mbaazi za nazi sitaki kumkataza mtu wa Amu, ntasemaje, lakini mbaazi ziroweke usiku kucha, yale maji yamwage, chemsha kwa maji mapya na uzipike ziive kabisa. Anayezipika kwa haraka za saa moja ndo anayewatesa wateja.

Maziwa nayo, watu wazima wengi wetu tumbo linapunguza uwezo wa kuvunja sukari ya maziwa tukishakua, kwa hivyo chai ya maziwa asubuhi, saa 4 tumbo linanguruma. Jaribu wiki moja chai ya rangi uone. Mtindi wengi wanauvumilia kwa sababu sehemu ya hio sukari ishaliwa na bakteria wa mtindi. Soda, chingamu, kula huku unaongea na kukimbilia boti, hizo zote ni kumeza upepo, na upepo ukiingia lazima utoke, kwa mbweu au kwa njia ile nyengine. Kutoa hewa mara 10 mpaka 20 kwa siku ni kawaida kabisa, mtu asijione mgonjwa.

Chai ya tangawizi, uzile au shamari iliyochemshwa, nanaa, hapa kwa gesi vyote halali na vinasaidia, ilimradi huna kiungulia. Na tembea. Baada ya chakula dakika 15 za kutembea ufuoni zinashinda vidonge vingi. Ukiweza kufika Shela kwa miguu, kama kilomita 3, basi utarudi mwepesi.

Ila tumbo likifura likabaki hivyo hivyo siku nenda rudi wala halishuki, ukashiba kwa matonge mawili, uzito ukashuka, nenda hospitali, na mwanamke aliyepita miaka 50 asilipuuze hilo hata kidogo.

Choo kigumu

Si lazima kila siku. Kuanzia mara 3 kwa siku mpaka mara 3 kwa wiki, mradi ni laini na hukazani, uko sawa. Kikiwa kigumu kama mavi ya mbuzi na unatoka jasho kukitoa, hapo umefunga choo.

Sababu kwetu ziko wazi. Kaskazi ikipiga mtu anatoka jasho kutwa na maji anakunywa vikombe viwili. Wali mweupe, mahamri, chapati, mkate wa boflo, vyote vimeondolewa makapi. Mirungi, tena mirungi hufunga choo na kuondoa njaa kwa pamoja, wanaume wanakuja kwangu saa 1 usiku wananunua viazi vya karai kama chakula cha kwanza cha siku. Vidonge vya damu vya wajawazito. Na kubana, mtu yuko kwenye boti au nyumba imejaa wageni wa Maulidi, choo kimoja, anabana mpaka utumbo unanyonya maji yote.

Kwa hivyo maji kwanza, halafu makapi kidogo kidogo, ukiyaongeza ghafla utapata gesi ya wiki nzima. Papai asubuhi, tende tano, embe msimu wake (ukizidisha maembe utaendesha, watoto wote wa hapa wanajua), mchicha, mkate wa mofa wa mtama badala ya boflo. Baada ya chai ya asubuhi utumbo mpana hujisukuma wenyewe, huo ndo wakati wake, nenda ukakae hata kama huhisi kitu, usiende na simu. Vyoo vyetu vya kuchutama ndo vyema zaidi kwa kazi hio, mwenye choo cha kukalia aweke kigoda chini ya miguu magoti yapande.

Sanamaki, yale majani ya kuharisha, inafanya kazi, sikatai, lakini ni mjeledi, inapiga utumbo uende, itakusokota, isizidi siku chache na isipewe watoto wala wajawazito bila ushauri. Mafuta ya mbarika mjamzito asiguse kabisa, yanaweza kumletea uchungu wa kuzaa. Na ile ya kumtia mtoto kipande cha sabuni nyuma tuiache jamani, inamuunguza.

Kuendesha na kutapika

Hapa hatari haiko kwenye tumbo, iko kwenye maji yanayotoka mwilini. Mtoto anaweza kukauka ndani ya siku moja. Nunua pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, uweke nyumbani kama unavyoweka chumvi, changanya kwa kipimo kilichoandikwa. Ikiwa hakuna, lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga. Usizidishe chumvi. Ikipita siku moja mwaga utengeneze nyengine. Mtoto chini ya miaka 2 mpe robo mpaka nusu kikombe kila akishaendesha, kwa kijiko, taratibu, akitapika subiri dakika 10 uanze tena. Mpe na zinki siku 10 mpaka 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi 6. Nyonyesha, na chakula mpe, ile ya "mwache na njaa tumbo lipumzike" inamdhoofisha bure. Soda usimpe, sukari yake nyingi inavuta maji zaidi utumboni. Madafu ni mazuri kunywea lakini chumvi yake ni kidogo, hayachukui nafasi ya ORS.

Na Flagyl! Kila anayeendesha anameza Flagyl, mbili asubuhi mbili jioni siku mbili anaacha. Flagyl ni ya amiba na giardia na baadhi ya bakteria, kuendesha kwingi kunaletwa na virusi na hakuna inachovifanya. Choo chenye damu au homa kali ndo cha kupimwa upewe dawa yake. Dawa za kufunga choo kama loperamaidi usimpe mtoto, wala mtu mwenye damu au homa, unaufungia uchafu ndani.

Sasa vinatoka wapi. Maji ya kisima na ya birika, lile tangi la maji la nyumbani, chemsha, hata kama mmeweka samaki wadogo birikani, hao wanakula viluwiluwi vya mbu, hawaui vijidudu. Halafu kiporo. Wali una vijidudu vinavyojificha kama mbegu, moto wa kupika hauziui, wali ukilala jikoni kwenye joto la Amu zinaota na kutoa sumu, na hio sumu hata uupashe moto asubuhi haiondoki. Mtu anatapika ndani ya saa 1 mpaka 6. Wali uliobaki usizidi saa 2 nje, weka kwenye friji, kama huna friji pika wa kutosha tu.

Na samaki, hili wengi hawalijui. Jodari, nguru na vibua wakikaa juani kwenye boti bila barafu, nyama yao inatengeneza histamini, na kupika hakuiondoi, wala kukaanga. Ukila unahisi kama pilipili inawasha ulimi na hukutia pilipili, baada ya muda mfupi uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, moyo unaenda mbio, tumbo linafunguka. Watu husema "samaki wanamkataa". Si kwamba wanamkataa, walikosa barafu. Piriton, dawa ya mzio, husaidia, pumzi ikibana ni hospitali. Ukinunua gatini shika, samaki awe baridi, jicho limetuna, shavu jekundu. Muuzaji akikwambia "ametoka sasa hivi" na ni vuguvugu, msalimie uende zako.

Usikae nyumbani

Kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa. Choo cheusi kinachonata kama lami chenye harufu mbaya, hasa ukiwa na kizunguzungu (vidonge vya damu navyo hufanya choo cheusi, lakini hakinati hivyo, mwambie daktari unavimeza). Chakula kukwama kooni. Kupungua mwili bila kujinyima. Tumbo gumu kama ubao, au ngiri iliyotoka ikakataa kurudi na inauma. Mtoto macho yameingia ndani, analia bila machozi, hakojoi, amelegea. Choo kama maji ya mchele kinachotoka mfululizo, hicho huenda ni kipindupindu, anza ORS hapohapo huku mnatafuta usafiri.

Ukiwa mjini hospitali ya King Fahd si mbali, hata kwa punda utafika. Lakini walio kisiwa cha Pate, huko Faza, Kizingitini, Siyu, wao wanajua zaidi yangu kwamba boti inakwenda na maji, ule mkondo wa Mkanda ukikauka mnakwama. Kwa hivyo dalili kama hizo zikianza jioni, usingoje asubuhi uone itakuwaje, uliza maji yanajaa saa ngapi, mpigie nahodha mapema, beba daftari lako na makaratasi ya dawa zote, na chupa ya ORS ya kunywa njiani.